Kiraka Kisiwe Siri: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Kompyuta za Shule za Serikali

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Naanza kwa kuungama, ili mkiniita mjue mapema mnaniitia nini. Katika maabara ya kompyuta ya shule ninayofundisha kuna mashine 24. Mashine 16 kati ya hizo bado zinaendeshwa na Windows 7, na katika kila moja nimeweka programu inayouongezea mfumo huo uwezo ambao walioutengeneza hawakuupa. Ndiyo ninayoiita kiraka. Hakuna aliyeniruhusu. Mwalimu mkuu anajua tu kwamba kompyuta zimerudi kufanya kazi. Mkaguzi aliyepita muhula uliopita alizihesabu, akaona zinawaka, akaandika zinawaka, akaenda zake.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, ingawa sisi wa West Nile, eneo letu hili, hatukungoja azimio. Ndicho tunachonunulia nyanya na kugombania nauli ya boda. Tena nikiandika kwa Kiingereza cha ofisini nitaanza kujificha nyuma ya maneno, na barua hii nimeiandika ili niache kujificha.

Kilichonisukuma ni waraka uliotufikia mwanzoni mwa mwaka. Ofisi iliyouandika siitaji, yenyewe itajijua. Ulikuwa wa ukurasa mmoja, na lililonihusu lilikuwa sentensi moja: kompyuta zote zenye mifumo endeshi iliyopitwa na wakati ziwekwe kando mara moja kwa sababu za usalama. Ziwekwe wapi, haukusema. Zije zipi badala yake, haukusema. Niliusoma mara mbili nikidhani nimeruka aya.

Hoja ya usalama siipingi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Waliolipia muda wa ziada nao walifika mwisho Januari 2023. Tundu linalogunduliwa ndani yake leo linabaki wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoyafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na ofisi za nchi nyingi kikidai pesa, mashine nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, na marekebisho ya kuziba tundu lile yalikuwa yametolewa tangu Machi. Dawa ilikuwepo, watu hawakuinywa. Kwa Windows 7 ya sasa hata dawa haichemshwi tena. Kwa hiyo aliyeandika waraka hakuwa anaota.

Ila kuna jambo hakuuliza: mashine hizo zinafanya kazi gani, na zimeunganishwa na nini?

Zetu hizo 16 ni Dell OptiPlex 780, prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2. Zilitufikia zikiwa zimeshatumika kwingine, kama suti ya mtumba: mshono mzuri, kola imechoka. Jibu jepesi linalotoka midomoni mwa watu ni kwamba tuweke Windows 11. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM ya GB 4 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane, yaani za kuanzia 2017. Mafundi wa Kampala watakwambia madai hayo yanakwepeka. Yalikwepeka, mpaka lilipokuja toleo la 24H2, ambalo linahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT. Core 2 Duo haina amri hiyo. Hapo ujanja wote unaishia, mfumo hauwaki kabisa. Windows 10 inaingia, lakini kwa GB 2 na diski ya kuzunguka, mwanafunzi atabonyeza kipindi kikianza na dirisha litafunguka kengele ikikaribia kulia. Na hiyo nayo msaada wake wa kawaida ulikwisha 14 Oktoba 2025.

Sasa niwaeleze nilivyofika kwenye kiraka.

Mwaka jana msichana mmoja wa S5 (kidato cha tano) alikuwa anaandika programu ndogo ya kuhesabu akiba ya kikundi cha mama yake, wale kina mama wanaoweka senti kila Jumapili kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Alikuwa anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu, na somo la simuni lilitumia neno match, lililoingia katika Python 3.10. Python ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 3.8. Alijaribu kusakinisha iliyo mpya, ikamkatalia. Akaikopi kwa njia ya kando, ikafunguka kwa ujumbe kwamba faili liitwalo api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halipo. Kesho yake alinijia anatabasamu na flashi mkononi: amelipata! Alikuwa amelipakua kwenye tovuti asiyoijua, na alikuwa tayari kulitumbukiza kwenye System32, folda ya mafaili ya Windows yenyewe.

Nilimnyang'anya ile flashi, halafu nikaona haya, kwa sababu nilikuwa namnyima kitu bila kumpa kingine.

Faili lile halikuwa limepotea. Halikuwahi kuwemo. Programu ikifunguliwa huziita huduma za mfumo kwa majina, kama mgeni anayefika nyumbani na kuwaita watoto mmoja mmoja. Baada ya Windows 7 familia ilizaa watoto wengine, na programu zilizoandikwa siku za karibuni zinawaita hao. Kwenye Windows 7 hakuna wa kuitika, basi mgeni anageuza mguu. Mara nyingi si kwamba mashine haiwezi kazi yenyewe. Programu ya msichana yule ilikuwa inajumlisha na kutoa, na Core 2 Duo ilikuwa inajumlisha na kutoa tangu kabla hajaanza darasa la kwanza.

Programu niliyoiweka inaitwa VxKex, na kazi yake ni hiyo tu, kuweka wa kuitika. Haibadilishi mafaili ya Windows yenyewe. Unachagua programu moja unayotaka isaidiwe, unafungua sifa zake, unatia tiki, na tangu hapo programu hiyo ikiita huduma mpya inajibiwa na mafaili ya VxKex. Baadhi ya miito inajibiwa hapo hapo, mingine inatafsiriwa kuwa huduma ya zamani inayofanana nayo, na iliyobaki inapitishwa ilivyo. Programu nyingine zote za mashine hazina habari. Wazo lenyewe si geni. KernelEx ilifanya jambo la jamaa hiyo kwa Windows 98 na Me, na Wine, ambayo kazi yake ilianza 1993, huitikia miito ya programu za Windows ndani ya Linux, mfumo endeshi wa bure usio na Windows hata chembe. Msimbo wa VxKex uko wazi, mwenye macho asome. Mimi niliusoma kiasi lugha ya C niliyojifunza chuoni iliponifikisha, na haikunifikisha mbali.

Yule msichana alimaliza programu yake. Kikundi cha mama yake bado kinatumia daftari, na mimi nawaelewa.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kiraka hiki kinaitikia, hakizibi. Windows 7 yenye VxKex ina matundu yale yale iliyokuwa nayo jana yake, na sasa ina watu wa ziada ndani ya nyumba ambao Microsoft haiwatambui. Si kila programu inakubali. Moja ya kuchora ilifunguka vizuri kabisa, ikawa inaanguka kila mwanafunzi akigusa kuprinti. Nikaiondoa. Anayewaambia kwamba kiraka kama hiki kinaifanya Windows 7 kuwa salama, msimkabidhi hata kalkuleta.

Na si kila kinachoitwa uzee wa mfumo ni uzee wa mfumo. Shule zilipofunguliwa 10 Januari 2022, baada ya ile likizo ndefu ya korona, niliziwasha mashine zetu zikiwa chini ya vitambaa vya kitenge vilivyogeuka rangi kwa vumbi. Karibu kila tovuti ilizikataa. Kwanza saa zake zilikuwa zimerudi nyuma miaka mingi, kwa sababu betri ndogo ya saa, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa. Tovuti ikiona mashine inadai bado tuko mwaka ule wa kale, cheti chake cha usalama kinaonekana bado hakijazaliwa. Nikabadilisha betri. Baadhi ya tovuti zikaendelea kukataa. Kumbe tarehe 30 Septemba 2021, mashine zikiwa usingizini, cheti mama kilichoitwa DST Root CA X3, kilichokuwa kinategemewa na tovuti nyingi, kilikuwa kimekwisha muda, na Windows yetu isiyosasishwa haikumjua mrithi wake. Firefox ilifungua bila shida kwa kuwa hubeba rundo lake yenyewe la vyeti. Asiyejua angeziandika zote mbovu. Ugonjwa ulikuwa betri na cheti. Nawauliza: katika fomu zenu za kuhesabu kompyuta mbovu, kuna mahali pa kuandika betri?

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi, na ndicho kilichonifanya niandike.

Walimu wengi wa kompyuta ninaowafahamu huku wana kiraka chao. Mmoja ana VxKex, mwingine ana kivinjari kilichofumwa upya kwa ajili ya mifumo ya zamani, mwingine ana faili alilopewa na fundi ambaye naye alipewa. Vitu hivi vinasafiri kwa flashi, mfukoni, kama tumbaku ya kuficha wazee. Hakuna anayemuuliza mwenzake alikitoa wapi, kwa sababu swali hilo linakiri kwamba na wewe unacho. Mara yangu ya kwanza sikukichukua kwa mtengenezaji wake. Nilikichukua kwenye flashi ya rafiki, tukiwa tumesimama nje ya ukumbi wa semina, chai mkononi. Asubuhi yake folda zote za alama za S3 zilikuwa zimegeuka vijia vya mkato (shortcut) visivyofungua kitu. Wanaofanya kazi hii wanakijua kirusi hicho: folda halisi huwa zimefichwa tu, na kwa amri ya attrib zilirudi zote kabla ya saa nne. Bahati. Ingekuwa ndugu yake WannaCry, darasa zima lingekosa alama.

Sikumwambia mtu. Rafiki yangu naye, nilipomgusia baadaye, alikuwa amepatwa na jambo lile lile wiki moja kabla, akanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi walimu wawili watu wazima tulikaa tumeufunika kwa pamoja. Tangu siku hiyo nachukua kila kitu kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe na kulinganisha alama ya hashi, ule mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili likichezewa, kabla ya kukigusa. Hilo nililijua kabla. Sikulifanya kwa sababu mtu anayefanya jambo kwa kificho hulifanya haraka.

Ndiyo maana waraka ule unanitisha kuliko Windows 7 yenyewe. Mnajua kitakachotokea. Fomu itajazwa kwamba mashine zimewekwa kando. Mashine zitabaki pale pale, maana watahiniwa wa somo la kompyuta, Subsidiary ICT, wanahitaji kukaa mbele ya kitu fulani, na sehemu ya vitendo ya mtihani haifanywi ubaoni. Kitakachobadilika ni kwamba sasa hata kuuliza hatutaweza. Kiraka kilichokuwa nusu siri kitakuwa siri kamili, na flashi itaendelea kuzunguka.

Ninachoomba ni hiki: tupeni kiraka kinachojulikana. Mna wataalamu huko Kampala. Wakae na zana hizi za kuongezea mifumo ya zamani, wazijaribu kwenye mashine za aina tulizonazo, waseme hii ndiyo na hii hapana, waweke faili na hashi yake mahali pamoja ambapo mwalimu wa Arua, wa Kasese au wa Moroto atachukua bila kumwona mtu usoni. Wakiona hakuna hata moja inayofaa, waseme hivyo pia, na sababu. Nitaondoa yangu. Ninachokataa ni kuamuliwa na mtu ambaye hakufungua kasha la mashine hata moja.

Kisha wachore mstari, na mstari huo upite kwenye kazi ya mashine, si kwenye umri wake. Mashine 16 zetu zenye kiraka hazina intaneti. Nilichomoa nyaya mwenyewe, na nikitaka kupakua kitu kwa ajili ya darasa nakipakua kwingine na kukikagua. Hazina jina la mwanafunzi hata mmoja isipokuwa lile alilojiandikia juu ya kazi yake. Lakini kompyuta ya mhasibu, na ile inayotunza alama na namba za simu za wazazi, hizo zisiguswe na kiraka cha aina hii kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kuiambia mahakama kwamba uliongezea Windows 7 kwa programu ya bure hakutakusaidia sana. Mstari huo ukiandikwa, hata mwalimu mkuu asiyejua kompyuta ataweza kuusimamia: hii ina waya wa intaneti, hii haina.

Kuhusu pesa, kuna jambo ambalo sijui kama limewafikia mezani. Mashine zetu sita zina Windows 10. Kwa taasisi za elimu Microsoft iliweka bei ya muda wa ziada wa masasisho ya usalama: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Kampuni ya kawaida inatozwa dola 61 kwa mwaka wa kwanza peke yake. Dola moja ni chini ya shilingi 4,000, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya mayai mawili na chenji kidogo. Rolex hiyo mimi ningeinunua kwa mfuko wangu, lakini haiuzwi kwa mwalimu mmoja mmoja, inanunuliwa kwa mkataba wa taasisi. Mkataba huo mnaweza kuuingia ninyi.

Na njia ya Linux ipo, msidhani nimeisahau. Mashine mbili zilizobaki nilizitilia RAM niliyoing'oa kwenye zilizokufa, nikaweka Linux Mint. Hizo zinapata masasisho kila wiki, kihalali, bure, kwenye chuma kile kile cha Core 2 Duo mnachosema kimekufa. Wanafunzi wa S1 walizizoea ndani ya wiki moja, walimu wenzangu bado wanazipita kama zina mbwa. Ningehamisha zote. Ninachokosa ni neno lenu, mapema, la maandishi, kuhusu programu zipi za ofisi na za database mtahiniwa anaruhusiwa kuzitumia. Siwezi kumhamisha mtoto wa S6 kutoka Microsoft Office kwa imani yangu binafsi. Mtihani ni wake.

Jambo la mwisho ni dogo lakini linaniudhi kuliko yote. Mwaka jana tuliletewa programu ya kujazia majina na alama, imelipiwa kwa pesa za umma, na haikubali kufunguka kwenye Windows iliyotangulia ya 10. Inakusanya majina na alama tu! Kazi hiyo ingefanywa na ukurasa mmoja wa kivinjari. Toleo la mwisho la Chrome kukubali Windows 7 lilikuwa la 109, la Januari 2023, lakini Firefox 115 iliendelea kuletewa marekebisho ya usalama hata baada ya hapo, na ukurasa uliotengenezwa kwa adabu ungefunguka humo, na kwenye Linux, na hata kwenye simu ya mwalimu. Mnapotangaza zabuni ijayo, ongezeni sharti hilo. Halina gharama.

Gridi ya taifa ilitufikia West Nile mwaka 2024. Kwa miaka mingi kisingizio chetu kilikuwa umeme, na kilikuwa kisingizio kizuri. Sasa umeme upo, waraka unasema tuzime.

Juu ya kasha la kila mashine nimebandika karatasi yenye tarehe niliyoweka kiraka, toleo lake, na programu zilizotiwa tiki. Mkituma mtu, hahitaji kuniuliza kitu, asome tu. Mkiagiza nikiondoe, kitaondoka siku hiyo hiyo, ni kazi ya dakika tano kwa mashine. Ila barua ya kuagiza hivyo naomba iwe na mstari mmoja zaidi kuliko ile ya kwanza, unaotaja Jumatatu inayofuata watahiniwa wangu 41 waketi mbele ya nini.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kompyuta,
Shule ya sekondari ya serikali, Arua